Galadriel hana mti jinani: namna ya kufuata asili ya neno la Kielfi

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: “Ninakusanya maneno ya Kiquenya na Kisindarin katika daftari. Orodha moja inasema jina Galadriel limetokana na neno la ‘mti’, nyingine inasema ni ‘mng'ao’. Rafiki yangu naye anashikilia kwamba lugha hizi zote mbili ni Kifini na Kiwelisi vilivyobadilishwa sura. Nimwamini nani? Na mtu hujuaje asili ya neno la lugha ambayo haikuwahi kuzungumzwa?”

Kwa asiyemjua, Galadriel ni bibi wa Waelfi, viumbe wa hadithi za J.R.R. Tolkien, na Kiquenya na Kisindarin ni lugha alizowabunia Waelfi hao. Jibu la sehemu ya kwanza ni fupi: ni mng'ao. Mti haumo katika jina lile. Ila ukiondoka na jibu hilo peke yake, kesho utakwama kwenye jina jingine, kwa hiyo nataka uone linavyothibitishwa.

J.R.R. Tolkien alikuwa mwanahistoria wa lugha kabla ya kuwa msimulizi. Mwaka 1919 na 1920 alifanya kazi kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akichimbua asili ya maneno yanayoanza na W. Mtu wa aina hiyo haridhiki na neno zuri lisilo na ukoo. Kwa hiyo aliwapa Waelfi lugha mama moja ya kale, yenye mizizi, kisha akaipitisha mizizi hiyo katika kanuni za kubadilika kwa sauti mpaka zikapatikana lugha dada. Kiquenya na Kisindarin ni wawili walio maarufu zaidi katika ukoo huo. Anayetafuta asili ya neno la Kielfi anatafuta mambo mawili: mzizi, na njia ambayo mzizi huo ulipita.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua kazi hii hata kama hajawahi kuipa jina. Unajua kwamba soma, somo, msomaji na usomi ni ndugu. Unajua pia, ukitulia kidogo, kwamba ndani ya zaa imejificha l isiyosikika, kwa sababu inaibuka katika zaliwa na mzaliwa. Sauti iliyokufa huacha alama. Tolkien alizipanda alama kama hizo kwa makusudi kabisa, na raha yote ya kazi hii ni kuzifukua.

Chukua mizizi mitatu: MBAR, ya kukaa na makao, NDOR, ya nchi, na ÑGOL, ya elimu na hekima. Msomaji wa Kiingereza akikutana na mianzo hiyo ulimi humgoma. Wewe umekuwa ukisema mbuzi, ndege na ngoma tangu utotoni, na sauti ni zilezile. Sasa tazama zilivyogawanyika. Kiquenya kiliiacha sauti ya kupasua kikabaki na ya puani: már ‘nyumbani’, nórë ‘nchi’, na Noldo ‘mwenye elimu’, neno ambalo zamani lilianza kwa ng' ya ng'ombe kabla ya kulainika kuwa n. Kisindarin kilifanya kinyume, kikaiacha ya puani na kubaki na ya kupasua: bâr, dôr, Golodh. Kwa macho, Noldo na Golodh hayafanani hata kidogo. Kwa kanuni, ni neno moja. Vilevile mwisho wa Valinor na mwisho wa Mordor, nchi mbili za hadithi hizo, ni neno moja la ‘nchi’, moja limepita njia ya Kiquenya, jingine njia ya Kisindarin. Niliposhika jambo hili mara ya kwanza nilirudi kwenye ramani za hadithi zile na kuzisoma upya zote, jina kwa jina, na nakushauri ufanye hivyo jioni moja ukiwa na nafasi.

Mfano wa pili ni sauti kw. Mzizi KWET ni wa kusema. Kiquenya kiliihifadhi kw, nacho huiandika qu, kwa hiyo ‘neno’ ni quetta. Kisindarin kiliigeuza p, na tt ya katikati ikawa th, irabu ya mwisho ikaanguka: peth. Katika maandishi ya mlango wa Moria, mji wa chini ya milima, maneno pedo mellon a minno yanaanza kwa kitenzi cha mzizi huohuo; pedo ni ‘sema’. Batamaji kwa Kiquenya ni alqua, na ndiyo maana bandari moja ya Waelfi inaitwa Alqualondë. Kwa Kisindarin ndege huyo ni alph. Kila palipo na qu upande mmoja, tazamia p au ph upande wa pili. Tolkien hakuiokota kanuni hii hewani. Kilatini kina quattuor kwa ‘nne’, na Kiwelisi kina pedwar, na wanaisimu walishajua siku nyingi kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Yeye mwenyewe alikiita Kiquenya kuwa kama Kilatini cha Waelfi, na akakipa Kisindarin uhusiano uleule ambao Kiwelisi kinao na Kilatini katika sauti hiyo.

Sasa turudi kwa Galadriel.

Katika Kisindarin, t iliyokuwa kati ya irabu mbili iligeuka d, na d iliyokuwa mahali hapo iligeuka dh. Ushahidi wa t uko wazi: ‘mwanadamu’ kwa Kiquenya ni Atan, wingi Atani, kwa Kisindarin ni Adan, wingi Edain. (Hiyo e ya Edain ni alama nyingine ya kaburi. I ya mwisho ya wingi ilizivuta irabu zilizotangulia zifanane nayo, kisha yenyewe ikatoweka.) Neno la kale la mti lilikuwa galadā, lenye d katikati. Kiquenya kiliitupa g ya mwanzo na kumeza a ya pili, likawa alda. Kisindarin kilifuata kanuni yake, d ikawa dh: galadh. Kwa hiyo neno la mti kwa Kisindarin lazima liwe na dh. Wewe husikii taabu kutenganisha d ya dada na dh ya dhahabu, basi tega sikio: Caras Galadhon, mji uliojengwa mitini, una dh. Galadhrim, watu wa miti, wana dh. Galadriel ana d.

D hiyo haiwezi kutoka kwenye d ya kale. Lazima ilikuwa t. Je, ipo t mahali? Ipo. Katika lugha ya Wateleri, dada wa tatu wa ukoo huu, jina lake ni Alatáriel, na kwa Kiquenya ni Altáriel. T inaonekana mchana kweupe. Sehemu ya kwanza ni alata, mng'ao wa kitu kinachorudisha nuru, ambayo kwa Kisindarin ni galad, ileile iliyomo katika Gil-galad, jina la mfalme wa Waelfi. Sehemu ya mwisho inatokana na neno la kuvikwa taji au shada kichwani. Katika barua ya mwaka 1973, mwaka aliofariki, Tolkien alieleza maana yote kuwa ni msichana aliyevikwa taji la nywele zinazong'aa, kwa sababu nywele zake zilikuwa dhahabu iliyochanganyika na fedha.

Mbona basi orodha yako moja inasema mti? Kosa hilo lina sababu mbili, na zote mbili naziheshimu. Ya kwanza ni ya uchapaji. Mwanzoni Tolkien aliona dh ingemkera msomaji wa Kiingereza, akaandika d hata palipotakiwa dh, na hivyo matoleo ya awali yana Galadrim na Caras Galadon. Baadaye alibadili mawazo, lakini masahihisho yalichelewa miaka mingi. Aliyesoma matoleo yale hakuwa na njia ya kuona tofauti kwa macho. Sababu ya pili imo ndani ya hadithi yenyewe: Tolkien aliandika kwamba hata watu wa ulimwengu ule wasiojua historia ya bibi huyo walilihusisha jina lake na miti, kwa kuwa aliishi mitini, wakalitamka Galadhriel. Yaani aliumba asili sahihi, kisha akaumba na asili ya uongo ambayo watu wa kawaida wangeiamini, maana ndivyo inavyotokea katika lugha zote zilizo hai. Sijui mbunifu mwingine wa lugha aliyefika kina hicho. Na mumewe, Celeborn? Yeye ndiye mwenye kitu cha mti: celeb ni fedha, na orn ni neno la kitu kilichoinuka juu, likatumika kwa mti mrefu.

Kanuni moja ya sauti ilizua hata ugomvi wa kifamilia, nami siwezi kuiacha. Kiquenya cha zamani kilikuwa na th, kisha wengi wakaanza kuitamka s. Mwezi, uliokuwa Ithil, ukawa Isil. Kisindarin kimebaki na Ithil, kama katika Minas Ithil, na jina Isildur linatupa upande wa pili. Lakini mama yake Fëanor, Mwelfi mashuhuri wa hadithi hizo, aliitwa Therindë, Mtarizi, kwa ustadi wake wa sindano, naye mwenyewe alitaka jina litamkwe kwa th. Alipokufa, Fëanor aliishikilia th kama amana, na kila aliyesema Serindë alimhesabu kuwa anamdharau marehemu. Anayejua umbali uliopo kati ya thamani na samani ataelewa kwamba s na th si jambo dogo. Tolkien aliandika maelezo haya katika miaka yake ya mwisho, 1968 au baada yake. Mabadiliko ya sauti, ambayo vitabuni huwa jedwali kavu, hapa yamekuwa msiba wa mtoto aliyefiwa.

Kuna pia maneno ya mkopo ndani ya ukoo huu, na haya usiyatafutie mzizi wa Kielfi kwa sababu hayana. Miruvórë, kinywaji cha karamu, na telluma, kuba, yanahesabiwa kuwa yametoka katika lugha ya Valar, wenye enzi wa ulimwengu ule. Mbilikimo wa hadithi hizo hujiita Khazâd; Kiquenya kililipokea jina hilo kuwa Casar, na Kisindarin kuwa Hadhod. Ni kama dirisha na kitabu kwetu: ukiyavunja kwa viambishi vya Kibantu utapata upuuzi.

Nije kwa rafiki yako. Anasema kweli kuhusu ladha, anakosea kuhusu maneno.

Akiwa mwanafunzi Oxford, Tolkien alikuta kitabu cha sarufi ya Kifini katika maktaba ya chuo chake, na baadaye akasimulia kwamba ilikuwa kama kugundua ghala la mvinyo ambao hajawahi kuuonja. Athari yake inaonekana. Neno la Kiquenya linaweza kuishia kwa irabu, au kwa n, l, r, s au t peke yake, na maneno asilia ya Kifini hufuata mpaka huohuo. Yako hata maneno yaliyovuka yakiwa karibu mazima: Kifini kina antaa ‘kupa’, tulla ‘kuja’ na tie ‘njia’, Kiquenya kina anta-, tul- na tië, kwa maana zilezile. Lakini ni machache. Huwezi kuchukua kamusi ya Kifini ukamsoma Mwelfi.

Kiwelisi nacho kilimshika tangu utotoni. Katika mhadhara wa mwaka 1955 alikumbuka kuona maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, adeiladwyd 1887, yaani ‘lilijengwa 1887’, na jinsi yalivyomchoma moyo wake wa lugha. Kisindarin kilirithi kutoka huko tabia mbili kubwa: wingi wa kubadili irabu za ndani, kama orch na yrch, na konsonanti ya kwanza inayolainika kutokana na mahali neno lilipo katika sentensi, kama peth inavyokuwa beth. Ila tazama jambo hili: Kiwelisi kinalo neno peth, na maana yake ni ‘kitu’. Sauti zilezile, maana nyingine, historia nyingine. Peth ya Kisindarin tumeshaiona ikitoka kwa KWET hatua kwa hatua, haina haja ya baba wa pili.

Nikutegee mtego wangu mwenyewe, maana niliwahi kuuangukia. Mzizi wa galad, katika umbo lake la kale kabisa, ni ÑAL, na hiyo Ñ ni ng' yetu. ÑAL maana yake ni kung'aa. Sema polepole: ñal, ng'aa. Ukiongeza ng'arisha, inayoonyesha konsonanti iliyojificha ndani ya ng'aa, unapata ng'ar-, nyumba ya pili kutoka ÑAL. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akaondoka huko mwaka 1895 akiwa mtoto wa miaka 3. Una mzizi, una maana, una bara. Nilikaa siku kadhaa na furaha ya kuamini kwamba nimegundua kitu. Sikugundua kitu. Hakuna andiko lolote lake linalounganisha mambo hayo, kufanana kwa neno moja hakuna kanuni nyuma yake, na ukilinganisha lugha mbili zozote zenye maelfu ya maneno utapata pacha wa bahati. Kila mwenye lugha anaweza kuutengeneza mtego huu kwa lugha yake.

Asili ya nje, yaani neno lilitoka wapi kwenye meza ya mwandishi, inahitaji ushahidi wa mwandishi. Mara nyingine tunao. Jina Eärendil lilitokana na éarendel, neno alilolikuta katika shairi la Kiingereza cha Kale, akalipenda, na mwaka 1914 akaandika shairi lake juu yake. Baadaye ndipo akalitafutia nafasi ndani ya Kielfi, kwa neno la bahari na kiishio cha mwenye kupenda. Hapa neno lilitangulia na ukoo ukajengwa nyuma yake. Neno la ‘jiwe’, ondo kwa Kiquenya na gond kwa Kisindarin, lililomo katika Gondor, alilieleza kuwa kumbukumbu ya kitabu kidogo alichokisoma akiwa mtoto, kilichodai kwamba katika lugha iliyokuwapo Uingereza kabla ya Wakelti limebaki labda ond, jiwe. Kinyume chake ni Moria. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja nchi ya Moria katika Mwanzo 22. Tolkien alikanusha uhusiano huo katika barua ya mwaka 1967: maana ya jina ni shimo jeusi, mor na iâ, na mlio wake ulimjia kutoka kichwa cha hadithi ya kale ya Norwe.

Kwa hiyo daftarini mwako weka safu mbili kwa kila neno, moja ya ukoo wake ndani ya ulimwengu ule, nyingine ya chanzo cha nje, na ya pili iache tupu mpaka mwandishi mwenyewe akupe cha kuandika. Nyingi zitabaki tupu.

Ongeza ya tatu ya mwaka. Hili watu wengi hulipuuza nalo ndilo linaloharibu orodha nyingi zaidi. Tolkien alianza kamusi yake ya kwanza ya Kiquenya mwaka 1915, akaendelea kurekebisha lugha zake mpaka alipofariki. Orodha yake kubwa ya mizizi ni ya miaka ya 1930, nayo ilichapishwa mwaka 1987. Katika orodha hiyo lugha tunayoiita Kisindarin inaitwa Kinoldorin na ni mali ya watu wengine kabisa. Ilipewa historia mpya na jina jipya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Neno la 1917 na neno la 1960 vikikaa mstari mmoja bila tarehe, umechanganya babu na mjukuu.

Hukuniuliza juu ya kuunda maneno mapya, lakini anayefika kwenye daftari hufika na huko, basi nikupe mfano mmoja. Kiquenya kina kiishio -ma kinachotengeneza jina la chombo kutokana na tendo, kama sisi tunavyopata kifuniko kutoka funika. Yul- ni kunywa, yulma ni kikombe. Kal- ni kuangaza, calma ni taa. Tir- ni kutazama, na pamoja na palan ‘mbali’ limetupa palantír, jiwe la kuonea mbali. Sisi tunalo neno lililojengwa kwa wazo hilohilo: darubini, kutoka Kiajemi, dur ‘mbali’ na bin ‘-ona’. Ukitaka kusema chombo cha kutazamia, kanuni inakuruhusu *tirma. Hicho kinyota mbele yake si pambo. Kinamwambia msomaji kwamba neno ni lako. Ukikisahau, baada ya miaka mitano mtu ataliokota *tirma likiwa halina alama, aliweke kwenye orodha yake, na mwingine aje kuniuliza Tolkien aliliandika barua gani.

Na kwenye ukurasa wa Galadriel, futa ‘mti’. Kando ya d andika t ndogo, halafu Altáriel.